Kitabu Kilichofunikwa



Kabla hujaendelea na makala haya, nakuomba uinue macho uangaze chumbani mwako. Pengine pana kabati la vioo, pengine pana rafu, na kama nyumba yako ni ya kale ya mawe, pengine pana vidaka ukutani. Humo mna vitabu. Kimoja ulikinunua mwenyewe ujanani, kingine umekirithi kwa baba, kingine uliletewa zawadi na mgeni. Sasa jiulize kwa haki: ni lini mara ya mwisho ulipokifungua kimoja katika hivyo ukakisoma mpaka mwisho, si kwa ajili ya mtihani wala kutafuta mas-ala, bali kwa kuwa moyo wako ulikitamani?

Mimi ninayekuandikia nimekwisha kujiuliza suali hili, na nikaona haya. Utotoni nilikuwa nikisoma mpaka mafuta ya taa yakaisha na mama akanikemea. Kisha nikawa mtu mzima, nikaoa, nikashikwa na biashara, na miaka zaidi ya kumi ikapita sikumaliza hata kitabu kimoja. Kusoma nilikuwa nakujua, lakini raha yake ilikuwa imenitoka, na mbaya zaidi ni kwamba sikujua imetoka siku gani.

Leo nataka tuitazame hali hii kwa njia ya taarikh, kwani haikuanza kwangu wala kwako. Katika nchi hii wako watu wazima kwa mamilioni walioipata raha ya kusoma ukubwani, na wengi wao wakaja kuipoteza. Habari yao ina mafunzo makubwa kwetu. Na ili tuione vizuri, nakuomba tutoke pwani kwa muda mfupi, tusafiri mpaka Singida.

Njia ya misafara

Singida ni mkoa wa katikati ya Tanzania. Ni nchi ya Wanyaturu na Wanyiramba, na kwa upande wa Manyoni ni nchi ya Wagogo. Ina mawe makubwa yaliyosimama kama majumba, ina upepo mkali, na mvua yake ni ya msimu mmoja tu, tangu Novemba hata Aprili. Watu wake hulima mtama na uwele, hufuga ng'ombe na nyuki, na siku hizi wamesifika kwa alizeti na vitunguu.

Kwa wazee wetu wa pwani nchi hii haikuwa ngeni. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita katika pori lililoitwa Mgunda Mkali, pande za Manyoni na Itigi za leo. Misafara ile ilipeleka nguo na shanga, ikarudi na pembe za ndovu, na tusifiche jambo, ikarudi pia na watu waliofanywa watumwa. Pamoja na mizigo hiyo kilikwenda Kiswahili, ikaenda dini, na ikaenda kalamu. Mfanya biashara wa pwani aliandika hesabu na barua zake kwa lugha yetu na kwa herufi za Kiarabu, na wenyeji wakaona kwa macho yao kwamba kipande cha karatasi chaweza kusema na mtu aliye mbali mwendo wa mwezi mzima. Hata reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita papo hapo Manyoni na Itigi.

Sasa zingatia jambo hili. Zama hizo mtu wa pwani ndiye aliyekuwa msomi, na mwenzake wa Singida hakuzijua herufi. Lakini serikali ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza zikashika herufi za Kirumi, shule zao zikasomesha kwa hizo, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya nchi za Afrika Mashariki ya kusanifu Kiswahili, nayo ikakiandika kwa herufi hizo hizo. Basi mzee wa pwani aliyehitimu chuoni, aliyezoea kuandika barua na kusoma tendi usiku mbele ya watu wa nyumba yake, akajikuta ameshika karatasi ya serikali asiyoweza kuisoma. Elimu yake haikumtoka kichwani, ila mlango wa kuingilia ulikuwa umehamishwa. Bibi aliyeijua kwa moyo kazi ya Mwana Kupona, iliyotungwa mwaka 1858 na mama kwa ajili ya binti yake, sasa akawa anamwita mjukuu amsomee barua.

Ndivyo taarikh ilivyowaweka mtu wa pwani na mtu wa bara juu ya ubao mmoja. Wote wawili walikuwa watu wazima wenye akili timamu, na wote wawili walilazimika kujifunza upya.

Mwaka wa 1970

Tanzania Bara ilipohesabu watu wake mwaka 1967, ilionekana kwamba theluthi mbili hivi ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kusema bungeni mwaka 1964 kwamba nchi changa haiwezi kungoja watoto wakue, bali ianze na wazazi. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1970 akatangaza kwamba mwaka huo utakuwa ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Baadaye zikachaguliwa wilaya chache zitangulie, na miongoni mwao vilikuwamo visiwa viwili: Mafia katika bahari yetu, na Ukerewe katika ziwa. Mwezi wa Septemba 1971 TANU ikakata shauri kwamba ifikapo mwisho wa 1975 ujinga wa kutojua kusoma uwe umeondoka nchi nzima.

Singida nayo ikaingia katika kazi hiyo. Watu wa vijijini hawakuwa na majumba ya shule ya kuwatosha, basi darasa la kisomo likawa chini ya mti, au barazani, au katika shule ya watoto baada ya watoto kwenda zao. Mwalimu mara nyingi alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba tu, na posho yake ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Wanafunzi walikuja mchana, wakiwa wametoka shamba, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume.

Hebu, ndugu msomaji, tutoe mfano. Mwanamke nitakayemtaja simjui kwa jina, nami namweka awe mfano wa wengi. Ni mama wa Iramba mwenye miaka arubaini mwaka 1974. Mwanawe amekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na huleta barua mara mbili kwa mwaka. Barua ikifika, mama hana budi kumwendea jirani ajuaye kusoma. Jirani huisoma kwa sauti, na watoto wake wakisikia, na mkewe akisikia. Kama mwana ameandika kwamba ni mgonjwa, au amefukuzwa kazi, au ametuma fedha, kijiji kizima kimekwisha kujua kabla mama hajafika kwake. Na kama jirani ameruka mstari kwa huruma au kwa hila, mama hatojua abadan.

Mama huyu anaingia darasani. Mwezi wa kwanza mkono uliozoea jembe hauwezi kushika chaki, inakatika. Watoto wanapita wakicheka. Lakini siku moja barua inakuja, na badala ya kwenda kwa jirani anaingia ndani, anafunga mlango, anaanza kuunganisha silabi moja baada ya nyingine. Inamchukua jioni nzima. Lakini kwa mara ya kwanza maneno ya mwanawe hayakupita katika kinywa cha mtu mwingine.

Jee, msomaji, hiyo si raha? Mimi na wewe tusomao tangu utotoni tumesahau kwamba kusoma ni kuwa faragha na mtu aliye mbali. Tumekuzoea kama mtu aliyezaliwa kando ya kisima asiyejua kiu.

Mwezi wa Agosti 1975 ukafanywa mtihani wa nchi nzima, na watu kwa mamilioni wakautokea, wengine wana wajukuu. Palikuwa na daraja nne, na daraja ya juu kabisa ni ya mtu awezaye kusoma gazeti, kuandika barua na kuweka hesabu zake mwenyewe. Wasiojua kusoma walionekana wamepungua mpaka asilimia 39, na kufikia 1986 serikali ikahesabu kuwa wamebakia chini ya asilimia 10. Ni nchi chache ulimwenguni zilizofika hapo kwa muda mfupi namna ile.

Kwa nini kisima kilikauka

Laiti habari ingeishia hapo, tungeshukuru tukanyamaza. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba watu wazima karibu 30 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwaka 2012 walikuwa 22 katika 100. Kumetokea nini?

Sababu ziko nyingi. Njia za kuhesabu hazikuwa moja. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na shida za uchumi zilizofuata viliifilisi nchi, karatasi ikawa adimu, walimu wa kisomo wakakosa hata ile posho, na madarasa chini ya miti yakavunjika. Watoto wengi nao wakakosa shule katika miaka ya 1980 na 1990, wakakua bila ya herufi. Lakini iko sababu moja inayotuhusu sisi leo: wako wengi waliojifunza, wakafaulu, kisha wakasahau. Herufi si kama kovu, kwamba likishaingia halitoki. Ni kama njia ya miguu porini. Ikipitwa kila siku hubaki nyeupe, na isipopitwa misimu miwili majani huifunika.

Na kwa nini hawakupita? Tazama walichopewa kusoma. Vitabu vya kisomo, ambavyo mwanzo wake ulikuwa katika mikoa ya ziwa, vilifundisha kilimo bora cha pamba na ndizi, ufugaji wa ng'ombe, uvuvi na mambo ya nyumbani. Vilikuwa vitabu vya faida, wala hatuvibezi. Lakini kitabu cha kupanda pamba, mtu akishajua kupanda pamba, atakirudia kwa nini? Waliopanga mambo waliiona hatari hii. Katika mikoa ya ziwa wakatoa gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 zilikuwako maktaba za vijiji zaidi ya elfu mbili, nyingine ni sanduku tu la vitabu lililowekwa kwa mtu. Lakini vitabu vile vilichakaa, na vipya havikuja.

Hapa ndipo penye nukta ya makala haya. Mama wa Iramba alipewa herufi, lakini hakupewa kitu cha kuzipendea. Hadithi alizozipenda alizisikia motoni kwa bibi yake, na katika vitabu vya kisomo hazikuwamo. Barua za mwanawe ndizo zilizomfanya asome, na siku mwana alipoacha kuandika, kusoma nako kukaisha.

Wala usidhani kwamba sisi wa pwani tumesalimika. Sisi tulikuwa na raha hiyo tangu zamani. Utendi wa Tambuka uliandikwa mwaka 1728 kwa ajili ya ikulu ya Pate, na tangu hapo watu wa mwambao wamekaa usiku kusikiliza tendi zikisomwa kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakilia au wakicheka. Mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mjini Mombasa, na mwaka 1932 al-Islah, alikuwa akiandikia watu waliozoea kukaa barazani wakabishana juu ya walichokisoma. Leo baraza iko, lakini kila mtu ameinamia simu yake. Tunasoma tangu asubuhi mpaka usiku, ila ni makombo: mstari wa huyu, habari ya yule, na nusu yake ni uvumi. Mtu hula makombo siku nzima, na usiku hulala na njaa. Mama wa Iramba aliacha kusoma kwa sababu vitabu vilikwisha. Sisi tumeacha na vitabu vimejaa kabatini. Jee, nani mwenye udhuru?

Ukubwa si udhuru

Labda utasema, "Mimi nimekwisha kuwa mtu mzima, akili si ile ya utotoni." Ndugu yangu, neno hilo taarikh yalikanusha. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na umri wa miaka arubaini ilipomjia amri ya kwanza, nayo ilikuwa ni amri ya kusoma. Masahaba wengi walianza kujifunza hali ya kuwa watu wazima wenye ndevu na watoto.

Na sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi katika mwambao huu, tunaye mfano katika maulamaa wetu wenyewe. Abu Bakr al-Qaffal wa mji wa Marw, aliyefariki mwaka 417 wa Hijra, alikuwa fundi wa makufuli, na jina lake la al-Qaffal limetokana na kazi hiyo. Mpaka alipofika miaka thalathini hivi ndipo alipoanza kutafuta elimu. Akaja akawa imamu ambaye kauli zake zinatajwa katika vitabu vya fiqhi mpaka leo. Mtu aliyekwisha kutumia ujana wake kutengeneza makufuli akafungua mlango ambao wengine waliokuwa wakisoma tangu utotoni hawakuufungua.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tazama macho yako. Usicheke. Mtu akipita miaka arubaini macho huanza kushindwa na maandishi ya karibu, na wengi hudhani wameichoka elimu kumbe wameshindwa na herufi ndogo. Katika madarasa ya kisomo wako wazee waliohesabiwa kuwa ni wazito wa kufahamu, kumbe shida yao ilikuwa miwani. Kapime.

Pili, anza na unachokipenda, usianze na kitabu cha kujionyesha. Kama ni hadithi, soma hadithi. Kama ni habari za wazee, soma taarikh. Tena ukiona kitabu hakikuingii, kiweke bila ya kujilaumu, chukua kingine. Nami nilianza upya kwa kurasa tatu tu baina ya Magharibi na Isha, simu nimeiacha chumba kingine. Wiki ya kwanza mawazo yalikuwa yakinikimbia kila mstari. Wiki ya tatu niliadhiniwa Isha nikaona muda umekuwa mfupi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, usisome peke yako siku zote. Mwaka 1973 ilipofanywa kampeni ya Mtu ni Afya, watu milioni mbili hivi walikaa vikundi vikundi katika vijiji, wakasikiliza redio, mmoja akawasomea kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka wakachimba vyoo. Kilichowakusanya hakikuwa ufasaha wa kijitabu, bali ule ujamaa wa kusoma pamoja. Nasi tunayo desturi hiyo, tumeiacha tu. Kaa na mkeo na wanao, wasomee ukurasa mmoja kwa sauti, kesho mpe binti asome, keshokutwa mwombe mama akusomee zile herufi za Kiarabu ambazo wewe huzijui. Utashangaa kuona ni nani msomi nyumbani mwako.

Na vitabu viko. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake moja ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ndani yake mna kijana anayekwenda bara na msafara wa wafanya biashara. Mtu wa pwani anayekisoma leo barazani huirudia ile njia ya bara iliyoanzia makala haya, bila ya kubeba mzigo kichwani.

Ndugu msomaji, wazee wetu husema: chovya chovya yamaliza buyu la asali. Husemwa kumwonya mtu anayedokoa dokoa. Lakini Manyoni na Itigi ni nchi ya asali, basi tuazime methali hii kwa heri: chovya leo ukurasa, chovya kesho ukurasa, na buyu litakwisha huku ukitamani jingine. Inuka sasa hivi, uende kabatini. Pangusa vumbi. Kifungue kile kitabu kilichofunikwa, ukae nacho kabla ya adhana.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu, atupe macho ya kuisomea na wenzi wa kuisoma nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.